Cairo ya Illinois: mji ulioahidiwa ukuu na ramani

Mpiga Kasia (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Nimekuwa nikisoma kwa muda mrefu habari za mji mmoja mdogo wa Marekani uitwao Cairo, na nimeona niulete hapa kwa sababu kila anayeufahamu ana jibu lake kuhusu kilichouporomosha. Wengi huilaumu mito. Mimi naamini mito imesingiziwa, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na jina. Wenyeji hawalitamki kama mji mkuu wa Misri unavyotamkwa. Wao husema kitu kinachokaribia sana "Kero", na msomaji wa Kiswahili ataamua mwenyewe kama jina hilo linaustahili mji au la. Eneo lote la kusini mwa Illinois huitwa Misri Ndogo, na kuna miji jirani yenye majina ya Thebes na Karnak. Simulizi maarufu ya wenyeji ni kwamba baada ya baridi kali ya mwaka 1830 kuingia 1831 mahindi ya kaskazini yaliharibika, wakulima wakashuka kusini na magari yao ya kukokotwa kununua nafaka, wakajiona ni kama ndugu zake Yusufu walipokwenda Misri wakati wa njaa. Ni simulizi nzuri, ila jina la Cairo lenyewe lilikwishatolewa mwaka 1818, kwa hiyo lililitangulia tukio hilo.

Sasa tazameni ramani. Mji huu upo kwenye ncha nyembamba ya ardhi ambako mto Ohio unaingia katika Mississippi. Ukivuka Ohio kwenda mashariki umefika Kentucky. Ukivuka Mississippi kwenda magharibi umefika Missouri. Chicago, ambayo imo katika jimbo hilohilo, ipo umbali wa kilomita 600 hivi kaskazini. Cairo ipo kusini zaidi hata ya Richmond, Virginia, uliokuwa mji mkuu wa majimbo yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa kisheria Cairo ni mji wa kaskazini. Naomba jambo hilo mlikumbuke, kwani tutalirudia.

Ncha yenyewe, panapoitwa Fort Defiance, ndipo mahali pa chini kuliko pote Illinois, mita 85 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya mito miwili hayachanganyiki mara moja: yanakwenda sambamba yakiwa na rangi tofauti, na mtu aliyesimama ufukweni anaweza kuuona mpaka wake kwa macho.

Mpiga Kasia

Naendelea. Mwaka 1803 Meriwether Lewis na William Clark, wakiwa njiani kuelekea magharibi, walipiga kambi hapo makutanoni mwezi Novemba na kujizoeza kupima latitudo na longitudo. Baada yao wakaja wafanyabiashara. Jaribio la kwanza la kuanzisha mji, lile la mwaka 1818, lilikufa pamoja na mwanzilishi wake, John Comegys. Jaribio la pili lilikuwa la mtu wa Boston, Darius Holbrook, ambaye kuanzia 1837 alikusanya fedha nyingi kwa kuuza hatifungani London. Holbrook alijenga tuta la kuzuia maji, karakana na nyumba, lakini viwanja hakutaka kuviuza. Alivikodisha tu, kwa kuwa aliamini thamani yake ingepanda bila kikomo. Mwaka 1840 nyumba ya fedha ya London iliyomdhamini ilifilisika, kazi zikasimama na karibu watu wote wakaondoka. Charles Dickens alipita hapo kwa meli ya mvuke mwezi Aprili 1842 akakuta nyumba zinazooza katika kinamasi, naye akauandika mji huo kwa maneno ambayo wenyeji hawajayasahau hadi leo.

Kilichoufufua ni reli. Kampuni ya Illinois Central, iliyopewa hati mwaka 1851, ilikamilisha mwaka 1856 njia iliyotoka Cairo kwenda kaskazini, ikiwa na tawi la Chicago. Abiria na mizigo walishuka kwenye treni Cairo na kupanda meli kwenda Memphis na New Orleans. Sensa ya 1860 ilihesabu watu 2,188.

Kisha vikaja vita. Septemba 1861 Ulysses Grant, jenerali wa jeshi la kaskazini ambaye wakati huo hakujulikana na wengi, aliweka makao yake makuu Cairo. Sababu ilikuwa ya kijiografia tupu: kwa meli kutoka hapo unapanda Ohio mwendo mfupi tu na kukutana na midomo ya mito Tennessee na Cumberland, ambayo inapenya hadi moyoni mwa nchi ya waasi. Februari 1862 Grant aliipanda mito hiyo akateka ngome za Henry na Donelson, na vita upande wa magharibi vikabadilika. Meli za kivita zenye ngozi ya chuma zilijengwa Mound City, jirani kabisa na Cairo.

Jeshi lilipokuwa likishuka kusini, Waafrika waliokuwa watumwa walipanda kaskazini. Illinois ilikuwa na sheria ya mwaka 1853 iliyomzuia mtu mweusi kuhamia jimboni, lakini vita vikawa na nguvu kuliko sheria, na Cairo ikawa na kambi ya wakimbizi hao. Wengi walisafirishwa mbele kwa treni, wengine wakabaki. Kufikia mwaka 1900 watu weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, wakiwa na makanisa yao, shule zao na hata magazeti, William T. Scott alikuwa akichapisha Cairo Gazette tangu miaka ya 1880.

Nahodha wa Kigoma

Mleta uzi, ahsante. Nina maswali mawili ya mtu wa majini. La kwanza, mto upi kati ya hiyo miwili ndio mkubwa pale makutanoni? La pili, mji uliopo chini kuliko jimbo zima, umezungukwa na mito miwili ya aina hiyo, umewezaje kubaki mkavu? Sisi wa ziwani tunajua maji yakiamua kupanda hayaombi ruhusa, na ndiyo maana nasita kukubali kwamba mito haina hatia.

Mpiga Kasia

Mkuu, swali la kwanza linawashangaza wengi. Kwa wastani Ohio huleta maji mengi zaidi hapo Cairo kuliko Mississippi ya juu. Kama majina yangetolewa kwa kigezo cha wingi wa maji pekee, mto unaofika New Orleans ungeitwa Ohio.

Kuhusu swali la pili, mji wote umezungushiwa matuta ya udongo, na upande wa Ohio kuna ukuta wa zege. Fikiria bakuli lililowekwa ndani ya maji. Upande wa kaskazini barabara inaingia mjini kwa kupita chini ya reli, na hapo pana lango kubwa mno la chuma linaloweza kushushwa. Likishushwa, bakuli limefungika. Hatari inayobaki inatoka chini. Mto ukipanda sana, uzito wake unasukuma maji yapite chini ya tuta kupitia tabaka za mchanga, nayo yakatokea ndani ya mji kama chemchemi inayotapika mchanga. Ikiachwa, chemchemi hiyo huhamisha udongo wa chini hadi tuta lenyewe likakosa msingi. Kazi ya wahandisi ni kuizungushia magunia ya mchanga ili maji yakae juu yake na uzito ulingane.

Baada ya mafuriko makubwa ya 1927, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1928 iliyoruhusu, pamoja na mambo mengine, bonde la kupitishia maji upande wa Missouri, ng'ambo ya Cairo, paitwapo Birds Point. Mto ukizidi, tuta la upande ule hulipuliwa ili maji yatawanyike mashambani. Lililipuliwa Januari 1937, mafuriko yale yakafikia kilele cha futi 59.5 kwenye kipimo cha Cairo, yaani mita 18 na zaidi, na mji ukabaki mkavu wakati miji mingi ya bonde la Ohio ikizama. Ndiyo maana nasema mito imesingiziwa: huu ni mmoja wa miji iliyokingwa vizuri kuliko mingi katika bonde lote.

Shangazi Mtaalamu

Ndugu yangu Mpiga Kasia, nakubali kuhusu maji, lakini unaficha jibu lililo wazi. Ni madaraja. Cairo iliishi kwa sababu mtu alilazimika kushuka pale: treni zilivushwa kwa vivuko, abiria wakalala hotelini, mizigo ikahamishwa, na kila aliyehamisha gunia alilipwa. Oktoba 1889 daraja la reli la George Morison juu ya Ohio lilifunguliwa, likiwa miongoni mwa madaraja marefu ya chuma duniani wakati huo, na treni ikapita juu bila kumjali mtu. Mwaka 1905 likaja daraja jingine la reli Thebes, kaskazini kidogo. Kisha yakaja madaraja ya magari, la Mississippi mwaka 1929 na la Ohio mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1978 daraja la barabara kuu nambari 57, lililohamishia safari zote nje ya mji. Mji uliojengwa juu ya kusubiri utaishije watu wasiposubiri tena?

Mkazi wa Kentucky

Namuunga mkono Shangazi kwa niliyoyaona. Mimi nimetokea Bukavu, naishi Kentucky na ninaendesha lori. Madaraja mawili ya magari, lile jembamba la Ohio na lile la Mississippi, yanakutana kusini mwa mji, pale karibu na Fort Defiance. Unatoka Kentucky, unagusa Illinois kwa muda mfupi mno, unaingia Missouri, na hujaingia Cairo hata kidogo. Nilipita pale mara nyingi kabla sijajua kwamba kuna mji kwa upande wa kaskazini. Siku nilipougeukia nilikuta barabara iitwayo Commercial Avenue, yenye majengo ya matofali ya ghorofa mbili na tatu, mengine yamebomoka, viwanja vingi vimebaki majani matupu, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza chochote.

Mpiga Kasia

Shangazi, shikamoo, na pole kwa safari ndugu yangu wa Kentucky. Hoja ya madaraja ni nzito, lakini hebu tuiweke mbele ya sensa. Mwaka 1890, muda mfupi baada ya daraja la kwanza, Cairo ilikuwa na watu 10,324. Mwaka 1900 walikuwa 12,566. Mwaka 1910, 14,548. Mwaka 1920, 15,203, na hicho ndicho kilele. Daraja lililoua mji likauacha ukue kwa miaka 30? Hata mwaka 1940, baada ya madaraja yote ya magari isipokuwa lile la 1978, walibaki 14,407.

Baada ya hapo ndipo mteremko ulipoanza: 12,123 mwaka 1950, kisha 9,348 mwaka 1960, kisha 6,277 mwaka 1970. Kati ya 1960 na 1970 mji ulipoteza karibu theluthi moja ya watu wake, na daraja la barabara kuu lilikuwa bado halijajengwa. Kwa hiyo lazima tuulize ni nini kilichotokea katika miaka hiyo kumi.

Kabla ya kufika huko, nimkaribishe yeyote anayeifahamu habari ya 1909, maana bila hiyo ya 1960 haieleweki.

Shuwari

Nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu si habari ya kurefusha. Tarehe 11 Novemba 1909 umati wa maelfu ulimchukua mikononi mwa sherifu mtu mweusi aitwaye William James, aliyeshutumiwa kumuua msichana mzungu na ambaye hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote, ukamuua hadharani katika makutano ya barabara katikati ya mji, chini ya tao la taa za umeme. Usiku huohuo umati huo ulimtoa jela na kumuua mzungu mmoja pia.

Ninachotaka kiongezwe ni kazi ya Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi aliyepinga mauaji ya aina hiyo. Illinois ilikuwa na sheria ya mwaka 1905 iliyosema sherifu anayeacha mfungwa wake auawe na umati anapoteza kazi, na anayetaka kurudishwa lazima athibitishe kwamba alifanya kila awezalo. Sherifu Frank Davis aliomba arudishwe, na watu wenye nguvu walimwandikia gavana kumtetea. Wells alisafiri hadi Cairo, akahoji watu na kukusanya ushahidi, kisha akasimama mbele ya Gavana Charles Deneen dhidi ya mawakili. Deneen alikataa kumrudisha sherifu. Tangu hapo masherifu wa Illinois walifahamu kwamba sheria ile ina meno.

Mpiga Kasia

Ahsante sana, Shuwari. Sasa tuunganishe. Nilisema mwanzoni kwamba Cairo ni mji wa kaskazini uliopo kusini kuliko Richmond. Kisheria hapakuwa na ubaguzi. Kimila ulikuwepo katika shule, ajira, nyumba na maduka. Katika miaka ya 1940 mwalimu Hattie Kendrick, akiwakilishwa na wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akiwemo Thurgood Marshall, alidai mahakamani walimu weusi walipwe sawa na wazungu.

Mwaka 1962 vijana wa SNCC, kundi la wanafunzi waliopigania haki za weusi, pamoja nao John Lewis ambaye baadaye alikuwa mbunge kwa miaka mingi, walikuja kupinga ubaguzi. Bwawa la kuogelea la mji lilikuwa likiendeshwa kama klabu ya wanachama ili weusi wazuiwe bila kutajwa. Mwaka uliofuata waliokuwa na bwawa walilifunga kabisa, na baadaye likafukiwa. Fikirini joto la Julai katika ncha hiyo ya mito, halafu bwawa linafukiwa ili watoto wa rangi mbili wasiogelee pamoja, na watoto wazungu nao wakakosa pa kuogelea.

Julai 1967 askari kijana mweusi mwenye umri wa miaka 19, aliyekuwa likizoni, alikutwa amekufa kwa kunyongwa katika kituo cha polisi. Polisi walisema alijinyonga. Wakazi weusi hawakusadiki. Ghasia zikazuka, jeshi la akiba la jimbo likaitwa. Wazungu wakaunda kikosi cha mgambo kilichojulikana kama Kofia Nyeupe, ambacho jimbo lilikilazimisha kuvunjika mwaka 1969. Mwaka huohuo wakazi weusi waliunda United Front, wakiongozwa na Mchungaji Charles Koen, na kususia maduka ambayo hayakuwaajiri. Kwa miaka kadhaa risasi zilisikika usiku, nyingi zikielekezwa kwenye nyumba za kupanga za Pyramid Courts, zilizokuwa chini ya tuta.

Maduka hayakukubali kuajiri. Yalifungwa, moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo Commercial Avenue aliyoikuta ndugu yetu wa lori, na ndiyo hoja yangu yote: mji huu ulichagua kupungua kuliko kugawana.

Shangazi Mtaalamu

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, lakini usiyatupe madaraja mapema hivyo. Watu 15,203 wa 1920 walikuwa na kazi gani? Za reli, mto, mbao na pamba, na zote zilikuwa zikipungua. Tazama jirani zake. Paducah, Kentucky, ina watu 27,000 na zaidi leo, na Cape Girardeau, Missouri, inakaribia 40,000. Zote ni miji ya mito yenye madaraja. Lakini Paducah ilipata kiwanda kikubwa cha serikali cha kurutubisha urani mwaka 1952, na Cape Girardeau ina chuo kikuu cha jimbo. Cairo haikupata chochote. Mji usio na kazi hugombana kwa urahisi.

Mpiga Kasia

Shangazi, hapo umenibana, na nakubali sehemu. Ardhi ya kuweka kiwanda ndani ya matuta ni finyu, na hilo ni suala la jiografia. Lakini ni mwekezaji gani angeleta kiwanda kwenye mji ambao picha zake magazetini zilikuwa za askari wa akiba barabarani? Hospitali ilifungwa mwaka 1986. Watu walikuwa 3,632 mwaka 2000 na 2,831 mwaka 2010.

Nahodha wa Kigoma

Na mwaka 2011 je? Nakumbuka kusikia habari ya kulipua tuta.

Mpiga Kasia

Umekumbuka vyema, mkuu. Mwishoni mwa Aprili 2011 mito yote miwili ilipanda kwa pamoja, chemchemi za mchanga zikatokea ndani ya mji, na tarehe 1 Mei wakazi waliamriwa kuhama. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani kuzuia tuta la Birds Point lisilipuliwe, hadi Mahakama Kuu ya Marekani, likashindwa. Usiku wa tarehe 2 Mei, kipimo cha Cairo kikiwa futi 61.72, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa, Meja Jenerali Michael Walsh wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi aliamuru tuta lilipuliwe. Maji yalienea juu ya ekari 130,000 hivi za Missouri, na mto ukaanza kushuka.

Ndani ya bonde hilo kulikuwa na kijiji kidogo cha Pinhook, kilichoanzishwa na wakulima weusi walionunua ardhi katika miaka ya 1940, kwa sababu ardhi iliyotengwa kwa mafuriko ndiyo waliyoruhusiwa kuinunua. Kijiji kiliharibiwa chote. Mji wenye weusi wengi ukaokolewa, kijiji cha weusi kikazama, na mjadala wa magazeti kwa sehemu kubwa ulihusu mashamba.

Mkazi wa Kentucky

Mimi nilifika baadaye, nikakuta habari nyingine. Mwaka 2017 serikali kuu ilitangaza kubomoa nyumba za kupanga za Elmwood na McBride, zilizochakaa kwa miaka ya usimamizi mbaya, na watu wapatao 400, nusu yao watoto, wakatakiwa kutafuta makao kwingine. Mjini kwenyewe hapakuwa na nyumba za kutosha za kuhamia.

Mpiga Kasia

Ndiyo, na sensa ya 2020 ikahesabu 1,733, pungufu kwa karibu watu 1,100 ndani ya miaka kumi. Duka kubwa la vyakula lilikuwa limefungwa mwaka 2015, na kwa miaka minane mtu wa Cairo aliyetaka mboga mbichi alilazimika kuvuka mto au kwenda mji mwingine. Juni 2023 wakazi walifungua duka la ushirika liitwalo Rise Community Market. Jimbo nalo lilitenga dola milioni 40 kwa ajili ya mpango wa bandari ya mto hapo makutanoni.

Atakayekwenda aangalie pia Magnolia Manor, nyumba ya tajiri wa kusaga unga iliyojengwa baada ya vita, ambamo Grant alipokewa mwaka 1880. Jengo la forodha la 1872. Na maktaba ya Safford ya 1884, ambayo bado inasimama.

Nahodha wa Kigoma

Swali la mwisho, mkuu. Bandari hiyo ikijengwa, itakuwa ndani ya matuta au nje?

Mpiga Kasia

Nje, mkuu, upande wa Mississippi. Ndani hakuna mto.